Kipimo cha mkojo hakimjui mraibu

Chumba chenyewe hakina lolote la ajabu. Ni choo cha uwanjani kilichowekewa meza na viti viwili. Kijana ametoka kucheza fainali, jasho halijakauka, na mlangoni anasubiriwa na mtu mwenye kitambulisho shingoni. Anatia saini fomu. Anachagua mwenyewe kikombe ambacho bado kimefungwa, ili kesho asije akasema alibadilishiwa. Kisha anaingia msalani na ofisa wa jinsia yake, anapandisha jezi hadi kifuani, anashusha bukta hadi magotini na kukojoa huku akitazamwa. Wala hatazamwi kwa mbali: ofisa anatakiwa auone mkojo ukitoka mwilini. Ukiwa mwepesi kupita kiasi kwa sababu kijana amekunywa maji mengi, unakataliwa, na atakaa pale mpaka utoke unaofaa, hata kama basi la timu limeshawashwa. Unaokubaliwa unagawanywa katika chupa mbili, A na B, zinafungwa kwa lakiri na kupelekwa maabara.

Hivyo ndivyo NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu vya Marekani, kimekuwa kikiwapima vijana kwenye fainali zake tangu mwaka 1986. Kwa karibu miaka 40, kimojawapo cha vitu vilivyosakwa ndani ya chupa hizo kilikuwa bangi. Juni 2024, baraza la Daraja la Kwanza, daraja lenye vyuo vikubwa na fedha nyingi, lilipiga kura kuiondoa bangi kwenye orodha ya vitu vilivyokatazwa katika fainali na mechi za baada ya msimu. Waliokuwa wakitumikia adhabu wakafunguliwa. Wapo walioshangilia, na wapo waliosema vijana wamefunguliwa mlango wa kuharibika.

Mimi naona NCAA ilifanya haki, ila ilichelewa na ikaishia njiani. Swali la zamani lilikuwa nani ana bangi mwilini. Swali hilo limefutwa, na hakuna lililowekwa mahali pake, wakati lenye maana lilikuwepo siku zote: nani kati ya vijana hawa hawezi tena kuamka, kula wala kulala bila kuvuta?

Kuelewa jinsi mambo yalivyofika hapa kunatutaka turudi mwaka 1986, kwenye Chuo Kikuu cha Maryland. Len Bias, mchezaji wa mpira wa kikapu, alichaguliwa na Boston Celtics akiwa wa pili katika drafti ya NBA, yaani zoezi ambalo timu za ligi ya kikapu ya kulipwa huchagua wachezaji wapya. Siku mbili baadaye, Juni 19, alikuwa maiti. Kilichomuua ni kokeini. Mpango wa NCAA wa kupima ulikuwa umeshaandaliwa kabla ya msiba huo, lakini baada ya msiba ni nani angethubutu kuuhoji? Bunge la Marekani nalo halikukawia. Kabla ya mwaka kwisha lilikuwa limepitisha sheria iliyomfunga mtu miaka mitano kwa gramu 5 za kokeini ya mawe, ileile adhabu ya gramu 500 za kokeini ya unga. Ya mawe ndiyo iliyokuwa mitaani kwa Wamarekani weusi. Bangi ikabebwa na wimbi hilohilo. Hakuna aliyekuwa amekufa kwa bangi, lakini ulikuwa wakati wa hofu, na hofu haina subira ya kupambanua.

Maryland hiyohiyo ndiyo iliyomtoa John Lucas, aliyechaguliwa wa kwanza kabisa katika drafti ya NBA ya mwaka 1976. Mwaka 1986, miezi michache kabla ya kifo cha Bias, Lucas aliachishwa na Houston Rockets baada ya kupimwa na kukutwa na kokeini. Yeye hakufa. Alitibiwa, akarudi uwanjani, kisha akaanzisha Houston mpango wa kuwasaidia wanamichezo wenye uraibu. Huyu tutakutana naye tena.

Kwanza tuangalie kile ambacho maabara inakiona, maana hapo ndipo mambo yanapochanganyika. Maabara haioni ulevi. Inaona mabaki ya THC, kemikali inayolewesha katika bangi, baada ya mwili kuivunjavunja. THC inapenda mafuta. Inajificha humo na kutoka kidogokidogo. Pombe aliyokunywa kijana Ijumaa usiku haimo tena mwilini Jumapili. Kokeini inatoka ndani ya siku chache. Bangi ya mtu anayevuta kila siku inaweza kuonekana kwenye mkojo hadi mwezi mzima tangu aache. Kwa maneno mengine, mwanafunzi anayetaka kujiburudisha bila kunaswa alikuwa na kila sababu ya kuchagua kitu kikali kinachopita haraka kuliko kile kinachokaa. Wengine waliingia kwenye bangi bandia, majani yaliyonyunyiziwa kemikali za viwandani ambazo vipimo vya mwanzo havikuzitambua. Kemikali hizo zimewapeleka watu hospitali wakiwa na degedege, jambo ambalo bangi ya shambani hailifanyi.

Halafu tazama kiwango. Hadi mwaka 2013, NCAA ilimhesabu mtu kuwa na hatia akiwa na nanogramu 5 za mabaki hayo katika mililita moja ya mkojo. Ikapandishwa hadi 15. Mwaka 2022 ikapandishwa hadi 150, sawa na kiwango cha WADA, shirika la kimataifa linalopambana na dawa haramu michezoni. Kijana aliyekutwa na nanogramu 20 mwaka 2012 alipoteza msimu mzima, na msimu mmoja ni robo ya maisha yote ya mchezaji wa chuo. Miaka kumi baadaye, mkojo uleule ungepita bila mtu kuinua macho. Sikusikia kwamba kuna aliyerudishiwa msimu wake.

Kingine ambacho mashabiki wengi hawakijui ni kwamba NCAA yenyewe ilipima bangi kwenye fainali tu. Vipimo vyake vya kushtukiza katikati ya mwaka vinalenga dawa za kuongeza misuli na nguvu. Mraibu aliyekuwa kwenye timu dhaifu, isiyofika fainali hata siku moja, angeweza kumaliza miaka yake minne akivuta asubuhi, mchana na jioni bila kukutana na kikombe cha NCAA. Aliyekuwa kwenye timu bora na akavuta mara moja kwenye sherehe ya rafiki ndiye aliyekuwa hatarini. Mpango wa afya hauendeshwi hivyo. Huo ulikuwa ulinzi wa sura ya mashindano mbele ya televisheni.

Vyuo vina vipimo vyake, na kila chuo kina kanuni zake. Kwa kawaida kosa la kwanza ni ushauri nasaha, la pili ni kukalishwa nje mechi kadhaa, la tatu ni kufukuzwa. Uamuzi wa Juni 2024 haukuvigusa. Kwa hiyo mchezaji wa chuo kimoja anaweza kufukuzwa leo kwa kitu ambacho mwenzake wa jimbo jirani haulizwi kabisa.

Wanafunzi walijaribu kwenda mahakamani. Wanamichezo wa Stanford waliishtaki NCAA wakidai kwamba kutazamwa ukikojoa na kuhojiwa kuhusu dawa unazotumia ni kuingiliwa faragha. Walishinda mahakama za chini, wakashindwa mwaka 1994 katika Mahakama ya Juu ya California, iliyosema kwamba mwanamichezo, kwa kukubali kucheza, anategemea faragha ndogo kuliko mtu mwingine. Mwaka mmoja kabla, Mahakama ya Juu ya Colorado ilikuwa imeona vingine katika kesi ya chuo kikuu cha jimbo hilo: ridhaa inayotolewa kwa sababu usiposaini huchezi si ridhaa ya hiari. Mimi nipo na majaji wa Colorado. Ukimwekea mtoto wa maskini fomu mbele yake, na nyuma ya fomu hiyo kuna ada, chakula na kitanda, usimwambie kwamba amechagua.

Sasa turudi kwa Lucas, kupitia kijana mmoja aliyemfikia. Mwaka 2011 hapakuwa na beki wa mpira wa Kimarekani wa vyuo aliyezungumzwa kama Tyrann Mathieu wa LSU, Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana. Mfupi, mwepesi, mwenye ujuzi wa kumpokonya mpinzani mpira mikononi, alifika kwenye orodha ya mwisho ya Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo ambayo kwa kawaida mabeki huitazama tu. Agosti 2012 chuo kilimfukuza kwenye timu kwa kuvunja kanuni, na baadaye ikajulikana wazi kwamba kisa kilikuwa vipimo vya bangi. Vipimo vilikuwa vimefanya kazi yao yote: vilimwona na kumwandika, vikamhesabia makosa mpaka idadi ikatimia. Havikuweza kumfanya aache. Kutoka hapo alikwenda Houston, kwa John Lucas, mtu aliyewahi kukaa kwenye kiti kilekile. Arizona Cardinals walimchukua katika drafti ya NFL, ligi ya kulipwa ya mchezo huo, mwaka 2013, raundi ya tatu, baada ya wachezaji 68 kuchaguliwa kabla yake. Februari 2020 alishinda Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, akiwa na Kansas City Chiefs.

Sisemi kwamba kufukuzwa hakukumshtua; huenda kulimshtua. Ila ninajiuliza ni wangapi waliofukuzwa kama yeye bila kuwa na jina lake, ambao hakuna John Lucas aliyewapokea, wakarudi kwa mama zao na begi moja la nguo.

Upande wa pili yuko Sha'Carri Richardson. Mwaka 2021 alikuwa ameshatoka LSU, chuo kilekile, ambako akiwa mwaka wa kwanza alikimbia mita 100 kwa sekunde 10.75 alipotwaa ubingwa wa vyuo. Kwenye mchujo wa Olimpiki mjini Eugene, Oregon, alishinda kwa 10.86. Kisha majibu yakaja: bangi. Alieleza kwamba siku hizo alipata habari za kifo cha mama yake mzazi, na habari hizo alizipata kwa mwandishi aliyekuwa akimhoji. Oregon bangi ni halali kwa mtu mzima. Alifungiwa mwezi mmoja, adhabu ndogo kabisa iliyowezekana, lakini ushindi wake wa mchujo ulifutwa, na hilo lilitosha kumnyima Tokyo. Hapakuwa na mraibu hapo wala mdanganyifu. Bangi haimpi mtu mbio za mita 100, na mwenye shaka ajaribu. Mwaka 2023 Richardson alikuwa bingwa wa dunia Budapest, kwa sekunde 10.65.

Na hapo rangi ya ngozi haikwepeki. Shirika la haki za kiraia la ACLU limekokotoa takwimu za polisi za nchi nzima na kukuta kwamba Mmarekani mweusi ana uwezekano wa zaidi ya mara tatu na nusu wa kukamatwa kwa bangi kuliko mweupe, ilhali wanaitumia kwa kiwango kinacholingana. Tafiti za NCAA yenyewe zimekuwa zikionyesha kwamba karibu robo ya wanamichezo wa vyuo wametumia bangi ndani ya mwaka uliopita, na kwamba wanaoongoza kwa wanaume ni wachezaji wa lakrosi, mchezo wa nyavu na fimbo unaochezwa zaidi na watoto weupe wa shule ghali. Taja wachezaji watano waliowahi kufedheheshwa hadharani kwa bangi uone kama yumo hata mmoja wa lakrosi.

Jambo jingine linalochekesha na kuudhi pamoja: wachezaji wa kulipwa walilegezewa kabla ya wanafunzi. Besiboli iliacha kuihesabu bangi kuwa dawa haramu Desemba 2019. NFL iliacha kumfungia mchezaji kwa sababu ya kipimo cha bangi mwaka 2020. NBA iliiondoa kwenye mkataba wake wa 2023. Wenye mamilioni na vyama vya wafanyakazi waliketi mezani wakajadiliana. Mwanafunzi, ambaye hadi Julai 2021 hakuruhusiwa hata kuuza jina lake kwenye tangazo, hakuwa na wa kumsemea.

Mpaka hapa wapenzi wa bangi wananipigia makofi, na inabidi niwaudhi. Bangi ina uraibu. Taasisi za afya za Marekani zinakadiria kwamba takriban watumiaji 3 kati ya 10 wana tatizo la uraibu kwa kiwango fulani, na hatari inapanda kwa anayeanza akiwa na umri mdogo, umri ambao wengi huanza. Wala bangi ya leo si ile ya enzi za Len Bias. Iliyokamatwa na polisi wa Marekani katikati ya miaka ya 1990 ilikuwa na THC ya asilimia 4 hivi. Sasa wastani umepita 15, na mafuta yanayokamuliwa kwenye mmea na kuvutwa kwa kalamu za umeme yanaweza kupita 60. Mzee anayewaambia vijana kwamba naye alivuta ujanani na hakupata shida anazungumzia kitu kingine.

Arosto yake, yaani mateso ya kuacha, haifanani na ya heroini, ambayo tunaijua vizuri tuliowahi kupita karibu na vijiwe vya mateja wa Dar es Salaam na Mombasa. Hakuna kujikunja sakafuni. Inaanza siku moja au mbili baada ya kuacha, inakuwa kali ndani ya wiki ya kwanza, na kwa kawaida inakwisha ndani ya wiki mbili. Mtu halali, na akilala anaota ndoto za ajabu na kuamka ameloa jasho. Chakula kinakosa ladha. Kila anayemsemesha anamkera. Mchukue kijana wa miaka 20 katika hali hiyo, umwamshe saa kumi na moja alfajiri aende kunyanyua vyuma, umpeleke darasani saa mbili, umrudishe uwanjani saa tisa. Kocha ataona mvivu mwenye kiburi. Kijana mwenyewe ataona kwamba msokoto mmoja unaondoa yote hayo kwa dakika kumi. Wanamichezo wengi wanaovuta kila siku watakwambia wanatafuta usingizi, au wanatuliza goti lililofanyiwa upasuaji, au wanazima kichwa baada ya mechi. Sababu ni za kweli. Tatizo ni kwamba baada ya muda usingizi unakataa kuja wenyewe.

Matibabu yapo, ingawa hakuna kidonge kilichoidhinishwa kwa ajili ya uraibu huu. Ni kuzungumza na mtaalamu anayejua kazi yake, wiki hadi wiki, kumfundisha mtu kutambua saa na watu wanaomvuta arudi. Na kuna njia moja ambayo imefanyiwa majaribio ya kisayansi na kufaa kuliko nyingi, nayo inatumia mkojo. Mgonjwa anapimwa mara kwa mara, na kila akikutwa msafi anapewa kitu: hati ya kununulia vitu dukani, au tiketi ya bahati nasibu ndogo. Akikutwa mchafu hapewi, hafukuzwi, na miadi ijayo iko palepale. Kikombe ni kilekile na maabara ni ileile. Kilichobadilika ni aliyekishika na anachotaka kukifanya na jibu.

Ndiyo maana siungi mkono wanaosema kupima kufutwe kabisa. Ninachokipinga ni kipimo kilicho mikononi mwa mtu ambaye kazi yake ni kushinda Jumamosi. Kocha akilijua jibu, atalitumia: atamfunika nyota wake na kumtoa kafara mchezaji wa benchi. Vyuo kadhaa vina kile wanachokiita bandari salama, yaani nafasi ya mchezaji kujitokeza mwenyewe, kabla hajapangiwa kupimwa, na kutibiwa bila kuhesabiwa kosa. Ni wazo zuri linalokaa kwenye ukurasa wa katikati wa kitabu cha kanuni ambacho hakuna anayekisoma, na mara nyingi mlango wake unapita ofisi ya idara ya michezo. Kungekuwa na maana zaidi kama mlango huo ungekuwa zahanati ya chuo, na idara ya michezo isijue zaidi ya kwamba fulani ana miadi ya daktari.

Kuhusu pombe nitasema kwa kifupi. Tafiti zilezile za NCAA zinaonyesha kwamba takriban robo tatu ya wanamichezo hunywa, na wengi wao hawajatimiza miaka 21 inayotakiwa na sheria za Marekani. Hakuna kikombe kilichowangoja mlangoni. Henry Rono alitoka Nandi akaenda Chuo Kikuu cha Washington State, na mwaka 1978, akiwa mwanafunzi, alivunja rekodi nne za dunia ndani ya siku 81: mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla wala baada yake. Kenya ilisusia Olimpiki za 1976 na 1980, na pombe ikachukua mengi yaliyobaki. Alieleza mwenyewe bila kuficha jinsi ilivyomshika na kumfikisha hadi kuishi bila makazi huko Marekani, kabla hajaiacha na kuanza kuwafundisha wengine kukimbia. Alifariki Februari 2024. Kikombe kinachosaka bangi kisingeuona uraibu wake.

Njia aliyopita Rono bado inafuatwa. Kila mwaka vijana kutoka Bonde la Ufa, na wachache kutoka Tanzania, wanapata ufadhili wa kukimbia kwenye vyuo vya Texas, Alabama, Iowa na kwingineko. Kwao uamuzi wa Juni 2024 ni mtego. Wanasikia bangi imeruhusiwa, wanaona maduka yanayoiuza kwa leseni, wanaona wenzao wa timu wakivuta bila wasiwasi. Lakini sheria ya serikali kuu ya Marekani bado inaihesabu bangi kuwa haramu, na mambo ya viza na mipaka yanaendeshwa na serikali kuu, si jimbo. Raia aliyetimiza miaka 21 akikutwa na msokoto Colorado, hakuna kesi. Mwanafunzi mwenye viza anaweza kukataliwa kuingia tena nchini kwa kukiri tu kwa ofisa wa uhamiaji kwamba aliwahi kutumia, hata kama ilikuwa mahali inapouzwa dukani. Vilevile sheria ya mwaka 1989 inavitaka vyuo vinavyopokea fedha za serikali kuu vikataze dawa haramu ndani ya maeneo yao, kwa hiyo bweni si mahali salama hata kwenye jimbo lililolegeza.

Na kijana huyo akishakuwa mraibu, ndiye mwenye woga mkubwa kuliko wote wa kusema, ingawa sheria ya Marekani inalinda siri za kumbukumbu za matibabu ya uraibu. Nani amemwambia kwamba zinalindwa? Kocha anayepiga simu Iten au Arusha humweleza mzazi kuhusu ada, chakula, viatu na tiketi ya ndege. Mambo ya viza na bangi, pamoja na namba ya simu ya zahanati anayoweza kuipiga bila kocha kujua, yaandikwe kwenye barua ya ofa, ukurasa uleule wenye kiasi cha ufadhili, kwa lugha ambayo mzazi anaisoma kabla hajatia saini.